Kona Isiyo na Ajali

Benchi letu liko Komarock, Nairobi, pale unapoiacha Kangundo Road na kuingia mtaani, kwenye kona ya duka la mbao. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili. Kahawa ni ya Asenath, ambaye sote humwita Mama Triza, na tangawizi yake imewahi kumliza mtu mzima. Kushoto hukaa Dere, jina la kanisani Sylvance, aliyeendesha lori la mkate mpaka macho yakamstaafisha. Katikati ni Msasa, yaani Matheka, mchonga twiga wa kuuzia wageni. Hata akiongea, mikono yake inasugua kitu. Mwisho wa ubao ni Wathome, na huyo ndiye Jaji. Hakuwahi kuwa jaji. Alikuwa karani wa korti, lakini kuandika hukumu za wengine kulimwachia sauti ya kutoa zake. Mimi ni mnywaji tu, tena mtu wa kucheka. Jumamosi hiyo asubuhi gari moja, Probox, lilikuwa limetoka kugonga mkokoteni wa maji hapo hapo mbele yetu. Tulikuwa tumeshayamaliza mambo, tumerudi kuketi, viatu vimelowa, na sasa tulikuwa tunatafuta sababu.

Dere: Wasee, hizi ajali zimezidi. Zamani ungekaa hapa mwezi mzima uone moja. Siku hizi watu wanagongana kama wametumwa.

Msasa: Ni hii lami mpya. Waliifanya laini sana. Gurudumu likikosa kokoto za kulisumbua, linasinzia.

Dere: Gurudumu linasinzia?

Msasa: Si dereva pia anasinzia? Sasa gari yote imelala, imebaki mguu peke yake kwa mafuta.

Jaji: Nakataa. Lami haina kosa. Kosa ni la jogoo.

Tulingoja. Jaji hupenda kungojewa. Alipuliza kahawa yake, akaonja, akarudisha kikombe juu ya goti.

Jaji: Zamani kila ploti hapa ilikuwa na jogoo. Mtu anaamshwa polepole. Jogoo wa kwanza, anageuka. Wa pili, anakaa. Wa tatu, anatafuta viatu. Siku hizi simu inamlilia kwa sikio mara moja, anaruka, anashika usukani. Mwili umefika Kangundo Road, akili bado iko kwa blanketi.

Dere: Na wale wanagongana jioni?

Jaji: Hao ndio akili inawafikia sasa. Inapata mwili umechoka.

Msasa: Hapo umeongea.

Dere: Hamjui gari nyinyi. Mimi nimeendesha hii Nairobi yote. Sikizeni. Tangu waanze kupandisha maghorofa kule mtaa wa Fedha, ardhi imeinama. Uzito wote umeenda upande mmoja. Hebu acha gari hapa bila breki ya mkono, uone. Itaenda Fedha yenyewe.

Mimi: Na zile zinatoka Fedha kuja huku?

Dere: Hizo zinapanda mlima, buda. Ndio maana zinakanyaga mafuta hivyo.

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa kwenye suruali. Mama Triza hakucheka. Alikuwa anasuuza vikombe kwenye beseni, amewapa wazee mgongo.

Mama Triza: Wazee wangu, na kama ni kwa sababu tu hakuna tuta?

Benchi lilimgeukia, kwa heshima.

Dere: Mama Triza, hiyo ni rahisi sana.

Mama Triza: Nilienda ofisi yao ya barabara nikaomba. Wakasema watatuma mtu wa kuangalia.

Jaji: Tuta la nini na sisi tuko? Hii kona ina wenyewe.

Na hapo, sitadanganya, Jaji alikuwa amesema jambo ambalo sote tulijivunia. Kwingine watu wakigongana hutukanana, magari yanafunga njia, kisha karao, yaani polisi, anakuja na ile siku inaharibika kabisa. Kwetu sivyo. Chuma kikigusa chuma tu, Dere na Msasa wako barabarani wanasukuma magari pembeni. Mimi nafagia vioo. Jaji anawaita wahusika benchini, kila mmoja anapewa kikombe cha kahawa na kukatazwa kuongea mpaka akimalize. Mtu hawezi kunywa tangawizi ya Mama Triza huku anapiga kelele. Vikombe vikiisha Jaji anauliza, anasikiliza, anaamua, wanapeana mkono, wanaenda. Mkokoteni wa asubuhi hiyo ulikuwa umemalizwa hivyo hivyo. Hata matone ya maji yalikuwa bado yanaonekana kwenye lami, lakini mwenye Probox na mwenye mkokoteni walikuwa wameshaachana wakiitana ndugu.

Msasa: Na ile kesi ya Baba Triza? Kuna korti ingeimaliza vizuri vile?

Dere: Hakuna. Ile ilikuwa safi.

Baba Triza ni Opicho, mume wa Mama Triza. Alikuwa anachomelea mageti kwenye karakana zilizo ng'ambo ya barabara, na Jumapili anaimba besi kanisani, ng'ambo hiyo hiyo. Jioni moja akitoka kazini nduthi, pikipiki ya kubeba abiria, ilimgonga hapa kwenye kona, ikamvunja mguu. Jaji aliimaliza kesi hiyo kwa utulivu wa ajabu. Kijana wa nduthi alimpeleka hospitali mwenyewe, akashughulikia plasta, akarudi na unga na kuku, akaomba msamaha mbele ya benchi. Watu walipiga makofi. Mpaka leo tukiwa na mgeni ndiyo kesi tunayomsimulia.

Msasa: Shida ni moja. Baba Triza alipona, akapenda mapumziko.

Dere: Si ameolewa yule? Anaosha vyombo, anakunja nguo. Karakana alisahau, kwaya alisahau.

Jaji: Nilimuuliza kuhusu kwaya. Akaniambia sauti imeisha.

Dere: Sauti imeisha na juzi nimemsikia akiimba akifua!

Tulicheka tena. Mama Triza aliendelea kusuuza kikombe ambacho kilikuwa safi tangu zamani.

Ndipo akaja msichana mmoja amevaa kizibao cha rifleksta, kichwani amejifunga mtandio mweusi, anasukuma lile gurudumu lenye mpini la kupimia barabara. Alilipitisha kutoka kona mpaka duka la mbao, akasimama mbele yetu.

Msichana: Habari zenu wazee. Shikamoo mama. Naitwa Kawsar, nimetumwa na ofisi ya barabara. Kuna mtu hapa aliomba tuta.

Mama Triza alijifuta mikono haraka.

Mama Triza: Ni mimi, mwanangu. Karibu kahawa.

Kawsar: Asante. Lakini mama, nisikudanganye. Kabla ya kuja nilitafuta habari za hii kona. Hakuna ajali. Hata moja. Ukilinganisha na zingine zote za huku, hii ndiyo salama kabisa.

Benchi lililipuka. Sijui hata nani alianza.

Dere: Salama? Hapa? Asubuhi hii Probox imemwaga maji ya watu!

Msasa: Na lori la mchanga na ile teksi!

Dere: Na yule mama wa mboga, akavunjika mkono!

Msasa: Na nduthi mbili, zikaingia kwa duka la mbao, moja ikatokea nyuma!

Jaji: Tulia. Binti, andika. Hapa kuna ajali kila wiki, na mimi ninazijua zote, kwa sababu mimi ndiye nilizimaliza.

Kawsar alimtazama. Hakuwa na dharau, alitaka tu kuelewa.

Kawsar: Ulizimaliza aje, mzee?

Jaji akamweleza. Alimweleza vizuri sana, na vikombe, na kunyamaza, na kupeana mkono, mpaka na kesi ya Opicho. Nilimwangalia yule msichana nikitegemea atashangilia kama wageni wetu wengine. Alisikiliza mpaka mwisho, akaegemeza gurudumu lake kwenye duka.

Kawsar: Na katika hizo zote, ni gani iliripotiwa polisi?

Dere alimtazama Msasa. Msasa alikuwa anasugua goti lake. Mimi nilitazama viatu. Jaji alizungusha kikombe chake juu ya goti.

Kawsar: Sisi tunaweka tuta mahali ambapo ajali zimejulikana. Kama hazikufika popote, huko juu ni kama watu wa hapa hawajawahi kuumia.

Jaji: Lakini tuliwapatanisha.

Kawsar: Mliwapatanisha, mzee. Sijasema ni vibaya.

Alichukua kikombe alichopewa na Mama Triza, akaonja, akakohoa kidogo kwa sababu ya tangawizi. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza tu ili asikae kimya:

Kawsar: Na huyo mzee wa mguu, siku hizi huvuka aje?

Sisi ambao tunakaa kona hiyo kila siku ya Mungu, tunaojua rangi ya kila gari linalopita na mke wa kila dereva, tuligeuka kuutazama ukingo wa barabara. Nilijaribu kumwona Opicho kichwani mwangu akiwa barabarani, na fimbo, asubuhi, jioni, Jumapili. Sikumwona popote.

Mama Triza: Havuki.

Msasa: Yaani?

Mama Triza: Havuki, Matheka. Tangu ile siku hajawahi kuvuka. Anafika hapo kwa ukingo, anasimama, mguu unakataa. Hawezi kukimbia, na hakuna gari inasimama. Anarudi nyumbani anaosha vyombo.

Dere: Si alisema amechoka na karakana...

Mama Triza: Mlitaka aseme nini? Kwamba anaogopa? Mbele yenu mnaocheka hivyo?

Hakupandisha sauti. Afadhali angeipandisha. Niliona aibu hadi masikio yakaniwaka, na nadhani si mimi peke yangu, maana Dere alivua kofia yake akaanza kuikagua kama mali ya mtu mwingine. Watoto wa Opicho wanalishwa na kahawa hii tunayokunywa, na sisi tulikuwa tunafikiri mume wa mama huyu ni mvivu.

Mama Triza: Kawsar, mwanangu, ajali ya siku nyingi bado inaweza kuripotiwa?

Kawsar: Siwezi kuahidi watasema nini. Lakini nenda. Ukiwa na mtu aliyeona ni bora zaidi.

Mama Triza alifunika birika, akavua aproni, akageukia mwisho wa ubao.

Mama Triza: Mzee Wathome, utakuja useme uliona?

Jaji: Mama Triza, mimi ndiye niliwaambia wapeane mkono yaishe.

Mama Triza: Ndiyo. Useme hivyo hivyo.

Nilifikiri mzee atatafuta sababu, anazo nyingi. Badala yake aliweka kikombe chini kikiwa nusu, akajishika magoti, akainuka.

Jaji: Kamwite.

Opicho alikuja amevaa koti la Jumapili, fimbo mkono wa kulia, bado ana povu la sabuni kwenye kiwiko. Hatukujua tumsalimie vipi. Msasa alimwambia niaje Baba Triza, naye akasema poa, na ikawa basi. Kituo cha polisi kiko ng'ambo. Wote watatu wakasogea mpaka ukingoni, mke amemshika mkono, Jaji ameshika kofia, na Kawsar amesimama nyuma yao bila kupima chochote.

Gari ikapita. Nyingine ikapita. Nduthi ikapita katikati ya hizo gari mbili, ikapiga honi. Opicho alitoa mguu mmoja, akaurudisha. Niliona shingo yake imelowa jasho, na jua lenyewe lilikuwa bado dogo. Mama Triza alikuwa anamwambia kitu polepole, kwa Kibukusu, siwezi kuwaambia ni nini. Gari nyingine ikapita.

Sikumbuki nikiamua. Niliinuka tu benchini, nikaingia barabarani, nikanyoosha mikono yote miwili. Nilisikia Dere akipita nyuma yangu kwenda kuzuia upande wa pili, akinung'unika kuhusu macho yake, na Msasa akimfuata kumwonyesha gari ziko wapi. Pikapu ya kuku ilifunga breki, ikasimama karibu nami kiasi cha kuhisi joto la injini. Dereva akatoa kichwa dirishani, kijana, hana hasira, amechoka tu.

— Kwani kuna ajali hapa, mzee?

Miaka yote mtu akiniuliza hivyo nimemwambia hakuna kitu, ndugu, tumeshamaliza, pita. Nyuma yangu fimbo iligonga lami mara ya kwanza.

— Iko, nikamwambia. Ngoja ivuke.

Akazima injini.