Mzee Maulidi na Kapu la Simu

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bwana Maulidi Shabani Mwinjuma, Afisa Usalama wa Taarifa wa Shirika la Miche Njema, anastaafu baada ya kututumikia kwa miaka ishirini na minane. Siku hiyohiyo unakwisha mkataba wa Stellamaris, afisa ugani wetu wa tawi la Kisarawe, na Ofisi ya Utumishi imesema hauwezi kuongezwa kwa sababu mwenzetu huyo ana onyo. Onyo alipewa na Mzee Maulidi, na kwa kanuni zetu aliyelitoa ndiye pekee anayeweza kulifuta. Kamati ya maandalizi ya chakula cha kumuaga imeniomba niandike wasifu mfupi, wa kufurahisha, usio na maneno ya pembeni. Kwenye ufupi nitajitahidi.

Mzee Maulidi ni mtoto wa Kisarawe. Aliajiriwa makao makuu hapa Kibaha akiwa mtunza ghala, na wanaomkumbuka enzi hizo wanakiri kwamba ghala halijawahi kulindwa vile tena. Mlango mmoja, kufuli moja, ufunguo mmoja, na ufunguo wenyewe uko kiunoni mwake. Mbegu hazikuibwa. Nyingine ziliozea humohumo kwa sababu msimu ulipofika yeye alikuwa msibani Maneromango, barabara imekatika, na ufunguo anao. Uongozi ulimsifu kwa uaminifu. Kompyuta zilipokuja na ikaonekana lazima apatikane mtu wa kulinda taarifa za wakulima, wakubwa hawakuhangaika kutafuta. Akapelekwa kozi Dodoma, akarudi na cheti, koti jipya na msimamo.

Msimamo ulikuwa uleule wa ghala. Taarifa zikae mahali pamoja, zilindwe na mtu mmoja. Nakala za akiba mtandaoni alizipiga marufuku, akasema huko ni kumpa mgeni ufunguo wa chumba cha kulala. "Kitu kikiwa viwili," alikuwa anatuambia, "utajuaje kipi kimeibwa?" Hakuna aliyewahi kulijibu swali hilo, na yeye akachukulia kwamba ametushinda. Simu yake mwenyewe haikuwa na nywila. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba inalindwa na heshima yake.

Mchango wake mkubwa kwa shirika hili ni kapu. Kila mwaka aliendesha mafunzo ya kulinda taarifa na simu, na sharti la kuingia ukumbini lilikuwa kuacha simu kwenye kapu la ukindu pale mlangoni ili isisumbue. Simu iwekwe ikiwa imeondolewa nywila, kwa sababu saa ya chai Mzee huzikagua moja moja kuona kama kuna mtu amehifadhi alichokataza. Ndivyo watu wazima walivyofundishwa umuhimu wa nywila huku wameziondoa kwa amri ya mwalimu. Kapu lenyewe lilikuwa na alama ya rangi nyekundu, MALI YA OFISI, ili lisipotee.

Februari mwaka juzi mafunzo yalifanyika tawi la Kisarawe. Umeme ulikatika asubuhi. Joto likapanda, mada zikahamia kwenye bango kitita, na katikati ya mada ya tatu akaingia mtu mzima mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri na kitambulisho shingoni, kimegeuka upande wa nyuma.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema. "Nimetumwa na ofisi. Simu za washiriki zipelekwe zikachajiwe kwenye jenereta, maana umeme hauna dalili ya kurudi leo."

"Marahaba, marahaba. Mnaiona adabu hiyo?" Mzee aliwageukia washiriki. "Hajaingia hapa anachezea simu mkononi kama ninyi."

Akamkabidhi kapu kwa mikono miwili, akamfungulia na mlango.

Stellamaris, mwenyeji wa tawi lile, alinyoosha mkono. "Samahani, mzee. Hili tawi halina jenereta."

"Maswali mwishoni, binti."

Saa ya chai ikafika, ukaguzi ukawa haupo kwa kuwa hakuna cha kukagua. Mlinzi wa getini akasema mtu wa shati jeupe alishapanda bodaboda, kapu limewekwa mapajani, na alimpungia mkono yeye mlinzi. Minong'ono ikaanza. Dereva wetu Said alisimama akaomba wote watoke wakafunge laini zao haraka, kabla mwizi hajaanza kazi. Hapo ndipo Mzee Maulidi alipotamka maneno ambayo hadi leo yanarudiwa kantini kila mtu anapochelewa kufanya jambo.

"Hatua za kuchukua simu inapoibwa ni mada ya saba," alisema. "Sasa tunaingia ya nne. Mkiruka mada, hivyo vyeti mtapewa vya nini?"

Walikaa. Nani angethubutu kuondoka, wakati cheti kile ndicho kinachoangaliwa kwenye tathmini ya mwaka? Walikaa wakaandika jinsi ya kutambua ujumbe wa kitapeli, huku matapeli wakiwaandikia ndugu zao. Mimi nilikuwa zamu ya mapokezi hapa Kibaha na nilipata wangu, kutoka simu ya Mzee mwenyewe, kwamba amepata ajali Chalinze na nitume chochote kwa namba nyingine kwa sababu hiyo ya kwake ina matatizo. Mkurugenzi alipata wa kwake pia. Naambiwa heshima iliyokuwa inailinda simu ile ilisaidia sana, maana watu wengi walituma bila kuuliza.

Aliyeondoka ni Stellamaris peke yake, na alikuwa na sababu. Kwenye simu yake kulikuwa na picha za wakulima wote wa Maneromango, majina yao, namba zao na mipaka ya mashamba yao. Alizikusanya msimu mzima, bodaboda ikikwama anashuka anatembea kwenye tope. Bila taarifa hizo hakuna mkulima ambaye angepata miche ya mikorosho kabla ya masika, na zikiwa mikononi mwa tapeli, wakulima wale wangepigiwa simu mmoja mmoja na mtu anayejua hadi ukubwa wa shamba lao.

Nje alimkuta Bi Mwanamvua, mwenyekiti wa wakulima wa Maneromango, ambaye naye alikuwa amealikwa kwenye mafunzo na amechoka na joto. Mlangoni Bi Mwanamvua aliulizwa simu akasema hana. Kitochi chake kilikuwa kimefundikwa kwenye pindo la khanga. Alieleza baadaye kwamba simu yake hajawahi kumpa mwanamume aishike, hata marehemu mumewe, sembuse kuiweka kapuni. Kwa kitochi hicho Stellamaris alipiga huduma kwa wateja, pesa za kwenye laini yake zikafungwa. Kisha alikimbilia duka la steshenari lenye kompyuta na jenereta ya kweli, akaingia kwenye akaunti yake, akaifunga simu kwa mbali na kufuta kila kilichokuwamo. Taarifa za wakulima zilikuwa salama kwenye nakala ya mtandaoni, pale palipopigwa marufuku. Alizishusha palepale dukani. Baada ya hapo alikwenda polisi kuandikisha upotevu, na mada ya saba ilipofunguliwa ukumbini yeye alikuwa ameshaimaliza.

Juhudi za Mzee Maulidi za kurejesha mali nazo zinastahili kutajwa. Ilibainika kwamba polisi na kampuni za simu wanahitaji ile namba tambulishi ya simu, inayopatikana kwa kubonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli. Aliifundisha mwaka hadi mwaka, lakini hakuwahi kumpa mtu nafasi ya kuibonyeza, kwa kuwa simu zote zilikuwa kapuni. Simu moja tu ilirudi, ya Said, aliyekuwa bado na boksi lenye namba hiyo. Kapu nalo lilirudi. Lilionekana mtaa wa Kwa Mathias, hapa Kibaha, limejaa mayai ya kuchemsha, na lilitambuliwa mara moja kwa ile alama nyekundu. Ripoti ya mwaka iliandika kwamba sehemu ya mali imerejeshwa.

Miche ilifika Maneromango kabla ya mvua. Mwisho wa mwaka shirika lilitoa tuzo ya kutopoteza taarifa hata moja ya mkulima, na tuzo hiyo akapewa afisa mwenye dhamana ya taarifa. Mzee Maulidi aliipokea kwa unyenyekevu. Wiki iliyofuata Stellamaris akapokea onyo la kutoka mafunzoni kabla ya mada ya saba na kuhifadhi nakala nje ya ofisi bila kibali. Iliniuma siku ile na inaniuma mpaka leo.

Hata hivyo ningekuwa mwongo kama ningesema Mzee hakupoteza kitu. Simu yake nayo ilikuwa kapuni. Mke wake, Bi Firdausi, alikuwa amefariki mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na picha zake zote zilikuwa humo, mahali pamoja, bila nakala. Kwa miezi kadhaa, kila jioni baada ya kazi, alizunguka kwa mafundi simu wa Kwa Mathias akiwauliza kama kuna aliyeletewa. Simu yenyewe alisema wabaki nayo. Alitaka picha tu. Tulimwona, na hakuna aliyecheka.

Mzee wetu, sasa naongea na wewe. Asante kwa kutulinda kwa namna uliyoijua. Asante kwa ghala. Tunakuombea afya, mikorosho inayozaa na mchana mrefu wa kukaa barazani bila kukagua simu ya mtu. Ukimaliza kula leo, Stellamaris atakuja mezani kwako na bahasha. Ndani kuna picha ya chakula cha Idd hapa ofisini, mwaka ule wa mwisho. Bi Firdausi anakuweka sawa kofia, anacheka mpaka macho yamefumba, na wewe umemkazia macho mpiga picha kwa sababu upigaji picha ofisini ulikuwa umeukataza. Imetoka kwenye nakala ileile ya mtandaoni. Stellamaris amekaa nayo muda wote huu huku unazunguka kwa mafundi, kwa kuwa kukupa kungekuwa ushahidi kwamba ndiye aliyeipiga, na onyo la pili kwetu ni kufukuzwa.

Nilimshauri asikupe mpaka ulifute lile la kwanza. Amekataa. Amesema picha ya mke wa mtu haiwekwi rehani. Basi utaipata, ufute au usifute, na mkataba wake utakwisha leo kama kanuni inavyosema.

Ofisi ya Utumishi inafungwa saa kumi.

Rahma Kibwana, Mapokezi, Kibaha