Waliogopa Povu Langu

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa zake. Naitwa Kazungu, naishi Junda, na nimesimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya mkono wa mama mmoja.

Nilizaliwa na michirizi myeupe mwilini. Inazunguka ubavu wa kushoto na kushuka hadi mguuni, kama mchanga wa ufuoni maji yakishatoka. Pamoja nayo kilikuja kifafa. Nyumbani walisema pepo ameniandika. Shule niliiachia darasa la sita, maana kila nilipoanguka, hakuna aliyetaka kukaa nami dawati moja.

Mnajua inavyosemwa huku kwetu: mwenye kifafa haguswi, povu lake huambukiza. Basi nikawa mtu wa kuhama. Nikianguka Changamwe, nahamia Likoni. Nikianguka Likoni, naja Kisauni. Nilibeba mizigo, nikachanganya saruji, nikapaka rangi nyumba. Kila kazi niliijua nusu.

Siku moja ya mvua nilianguka Mishomoroni, kifudifudi, ndani ya mtaro uliojaa maji. Watu wakanizunguka. Nilikuja kuambiwa kwamba mmoja alisema, "Msimguse mpaka atulie." Na mimi nazama.

Ndipo akapita Bi Mwanaisha, muuza mbaazi, Mwislamu wa mtaa ule. Alitua sinia lake, akaingia mtaroni na buibui lake.

"Povu ni mate tu," aliwaambia. "Nanyi munayo, tena ya kusengenyea watu."

Akanitoa, akanilaza ubavu. Nilipofumbua macho, kichwa changu kilikuwa mapajani mwake.

"Mwanangu," akasema, "umechagua pabaya pa kulala."

Ndugu zangu, nililia. Kule Likoni niliwahi kumwona mtu mwingine akianguka kama mimi, nami nikakimbia pamoja na wenzangu. Hata mimi niliogopa povu! Sijui aliyemwinua ni nani.

Bi Mwanaisha alinipeleka hospitali mwenyewe. Daktari akaitazama michirizi yangu kwa makini. Akasema ngozi na ubongo huanzia mahali pamoja mtoto akiwa tumboni, na kwangu kitu kilikwenda kombo mapema. Ni ugonjwa wa nadra, hauambukizi. Nilimuuliza maswali mpaka akacheka.

"Ulisomea wapi wewe?"

"Niliacha shule, daktari. Maswali ndiyo hayakuniacha."

Michirizi haitoki. Lakini vidonge nameza kila asubuhi na jioni, na kuanguka kumepungua sana. Nilimwomba Mungu anifute alama. Yeye akaniletea mtu asiyeniogopa.

Mtumainini, ndugu zangu, na dawa msiache. Safari hii sihami. Kwa hiyo huenda siku moja nikaanguka hapahapa, katikati ya wimbo. Msinitie kitu mdomoni. Nilazeni ubavu, mkae nami mpaka nizinduke. Na povu likiwapata mikononi, maji yako pale mlangoni.