Mama Alimaanisha Anakabidhi Kalamu

Tarehe 30 mwezi huu, mwenzetu wa Kitengo cha Ufafanuzi katika Wizara ya Mambo ya Nje anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake kamili lipo Utumishi kwa anayelihitaji. Sisi tunamwita Mama Alimaanisha, kwa kuwa kila taarifa aliyoiandika ilianza na maneno "Mheshimiwa alimaanisha".

Amewatumikia wakuu wa nchi watatu. Wawili wa kwanza walisoma hotuba walizoandikiwa, hivyo Mama alipata nafasi ya kufuma vitambaa vya meza. Wa sasa hasomi. Akishika kipaza sauti asubuhi, mchana mabalozi wanapishana kwenye korido yetu ya ghorofa ya pili, kila mmoja na malalamiko yake kwenye bahasha. Mama aliwapokea wote kwa chai. Mheshimiwa alipouita umoja wa nchi za kanda "kijiwe cha wambea", Mama alifafanua kwamba aliusifia kwa kupashana habari haraka. Katibu wa umoja huo alituma shukrani, na mpaka leo hatujui kama alikuwa anatania.

Kuteleza naye aliteleza. Mwaka juzi Mheshimiwa alisema watu wa nchi jirani ni ndugu zetu wa damu. Mkono wa Mama ulishazoea, akatoa ufafanuzi. Jirani wakamwita balozi wetu ajieleze.

Kazi tutakayomkumbukia zaidi ni ya mvua zilizopita. Mheshimiwa, mbele ya uwanja uliojaa pomoni, aliwataja jirani haohao, akasema, "Hao tutawafuta." Watu wakashangilia. Kabla ya jioni jirani walikuwa wamemfukuza balozi wetu na kufunga mpaka. Nchi rafiki zikatoa taarifa za kusikitishwa, na moja, ambayo kwa kawaida ni ya upole, ikapanda hadi kushtushwa.

Ofisi nzima ilijua kuwa binti pekee wa Mama ameolewa ng'ambo ya mpaka huo. Mimba mbili zilishaharibika, na ya tatu ilikuwa imetimiza miezi. Likizo ya Mama ilishapitishwa, begi lake likiwa tayari chini ya meza. Aliogopa, na hakuona sababu ya kujikaza. Alilia vya kutosha, akanawa uso, akaomba apigiwe tena ile hotuba.

Aliisikiliza mara kadhaa, kisha akaingia kwa mkurugenzi. "Bosi, watu wamepiga kelele palepale kwenye neno. Sisi tunajuaje kama alikuwa amemaliza?" Mkurugenzi akavua miwani, akasema kwa kweli hajui. "Basi hakumaliza," Mama akasema, akaenda kuandika. Mheshimiwa alimaanisha tutawafuta machozi. Jirani walikuwa wamepigwa na mafuriko wiki iliyotangulia, na sisi, kwa wingi wa shughuli, tulikuwa hatujatuma hata rambirambi.

Jirani si watoto wadogo. Walijibu kwa adabu kwamba wamefarijika sana, wakauliza machozi hayo yatafutwa lini na kwa kitu gani. Serikali ikakosa pa kutokea, ikapakia unga na mablanketi kwenye malori, na mpaka ukafunguliwa kuyapisha. Kiongozi wa msafara alikuwa Mama, kiti cha mbele, lori la kwanza, begi mapajani. Alikabidhi unga, akahutubia kwa ufupi usio wa kawaida, akakimbilia hospitali. Alimkuta binti yake ameshikilia kitanda cha wodi, akiita mama. Mtoto ni wa kike, na mapafu anayo. Tangu hapo Mheshimiwa hueleza kwamba kufuta machozi ni sera yake ya siku nyingi.

Nafasi ya Mama imetangazwa mara mbili. Waombaji waliofika walisikilizishwa hotuba moja ya majaribio, wakaaga.

Mama, tunakushukuru kwa chai, kwa vitambaa, na kwa vita ambavyo havikupiganwa. Tutakukosa kuliko tunavyoweza kuandika kwenye jarida la ofisi. Nenda kwa binti yako ukapumzike, na mjukuu akusumbue kwa kadiri utakavyopenda. Basi lako linaondoka Jumapili asubuhi, na Mheshimiwa anahutubia Jumamosi. Tumemwomba, kwa heshima zote, akiwataja jirani safari hii aimalize sentensi mwenyewe.