Mama Selpha na Vidonge vya Sakarini

Wasikilizaji wapendwa, leo sina sauti ya kubembeleza. Nimekasirika, mtanivumilia. Tunamkumbuka Mama Selpha Musimbi wa Yamumbi, hapa Eldoret, aliyezikwa juzi. Ameuawa na ugonjwa wa sukari. Ugonjwa wa sukari, na mzaha wa mtu mmoja.

Mama Selpha alikuwa dobi kwenye shamba la mzungu huko Ainabkoi. Alikuwa na ng'ombe wake, kila mmoja na jina. Mwaka wa arobaini na sita yule mzungu akasema mifugo ya wafanyakazi imezidi, akaamuru ipigwe risasi. Mama alisimama pale na nguo mbichi begani, akiwatazama wakianguka. Siku hiyo akaapa: nyama, maziwa, mayai, hata asali, basi. Watu walimcheka. Hakujali hata kidogo.

Kisha akaugua. Daktari wa mjini akamkataza sukari, akamwandikia sakarini, vile vidonge vidogo vya kutia chai utamu. Alivichukua kwa dresa, yule mhudumu wa kugawa dawa katika dispensari ya shamba. Akamuuliza: hivi vimetoka kwa mnyama?

Dresa akawakonyeza wenzake. "Hiyo ni mifupa ya ng'ombe, mama. Imesagwa."

Akavirudisha mezani. Chai isiyo na utamu ikamshinda, akaanza kutia sukari guru, kwa kuwa ni miwa tupu. Aliona daktari amekataza ile nyeupe ya dukani tu. Wengi wetu tungeona hivyo hivyo, kumbe guru nayo ni sukari ile ile mwilini.

"Mimi nilimwambia aache hiyo guru," anasema bintiye, Kavetsa. "Akaniuliza, sasa unataka nikule mifupa ya ng'ombe wangu?"

Sikilizeni vizuri. Sakarini haitoki kwa mnyama. Hutengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe. Narudia: hamna mnyama ndani yake. Mama angeitumia bila kuvunja kiapo.

Nilimwendea yule dresa. Akaniambia, "Mimi sikujua imetengenezwa na nini. Nilikuwa nacheka na yeye tu." Hakujua, na bado akajibu. Damu inanichemka.

Kavetsa, nawe Mzee Nicanor uliyefiwa na mke, poleni sana. Wasikilizaji, mtu akikuuliza kilichomo katika chakula chake, mwambie ukweli, au mwambie hujui. Jina la dresa familia imeniomba nisilitaje, nami nimekubali shingo upande. Lakini redio unayo, dresa, na najua unanisikia. Mama alikuamini.