Jina la Kumi na Saba: Bi. Eluned Prosser Anastaafu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka arobaini na mmoja kazini, Bi. Eluned Prosser, msimamizi wa ukumbi wa Chuo cha Nantwen, atakabidhi funguo zake. Chuo chetu hiki kidogo cha vilima vya Wales, kilichojengwa mwaka 1822, kimebadilisha wakuu saba mbele ya macho yake. Wote aliwakemea kwa kuingia na viatu vya tope.

Kila tarehe 11 Novemba, saa tano asubuhi, msimamizi wa ukumbi husoma majina ya wanafunzi kumi na sita waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, yaliyochongwa kwenye jiwe ukutani. Mwaka 1994, Bi. Prosser alipomaliza jina la mwisho, sauti ya kiume ikaitikia kutoka jikoni: "Nipo."

"Nani huyo analeta mzaha?" Mkuu wa wakati huo, Dk. Maddox, akafoka.

"Sijui, Mkuu. Wapishi wote wako hapa, na ufunguo wa jikoni ninao mimi."

Mwaka uliofuata ikaitikia tena. Wengine wakaanza kutafuta udhuru wa kutohudhuria. Bi. Prosser yeye alishuka stoo, akafukua madaftari ya mahudhurio ya jikoni. Humo akamkuta Ifor Bebb, muosha sufuria, umri miaka kumi na tisa: alama ya kuwepo kila siku hadi Machi 1916, kisha maneno mawili, "Kaenda vitani." Jeshi likamthibitishia kwamba hakurudi.

Akaomba jina lichongwe. Baraza likakataa.

"Jiwe ni la wasomi, Bi. Prosser," Dk. Maddox akamwambia.

"Haya. Basi mwaka huu usome mwenyewe."

Akasoma. Safari hii sauti haikutoka jikoni. Ilitoka nyuma ya kisogo chake. Nilikuwa nimekaa mbele, nikaziona nywele zake zikipepea kama zilizopulizwa. Kabla ya Pasaka mchonga mawe alikuwa kazini.

Novemba iliyofuata Bi. Prosser alisoma majina kumi na saba. "Ifor Bebb," akaita, akangoja. Hakuna aliyeitika. Nyuma ya mlango uliofungwa tulisikia sufuria ikiwekwa chini taratibu, kisha nyayo zikienda zao. Sisi tukashusha pumzi. Yeye alilia kama aliyeagana na mwanawe.

Bi. Eluned, ahsante kwa kumsikia mtu ambaye chuo kizima kilimsahau. Nenda salama kwa dada yako kule Aberdyfi, ule ushibe, na alfajiri ulale mpaka usingizi wenyewe ukuchoke.