Kikombe cha Mama Saturnina

Baada ya miaka ishirini na saba katika uwanja wetu wa ndege wa El Alto, huku juu milimani penye hewa haba, Mama Saturnina Huallpa anastaafu tarehe 31 Julai.

Alianza kwa kufagia ukumbi wa wanaowasili. Alihamishiwa kwenye mitungi ya oksijeni wakuu walipogundua kwamba kila abiria akizimia, yeye ndiye anayefika kwanza, tena na fagio lake mkononi.

Wageni hawakumpa shida. Mgeni akikosa pumzi huomba msaada mwenyewe. Wasumbufu ni sisi wenyeji. Mtu amekaa Buenos Aires, kule chini pwani, miaka kumi, anashuka, anawaona ndugu zake na maua, anatimua mbio. Hafiki. Na bado oksijeni haitaki, ukoo mzima unamtazama!

"Hewa hiyo wape watalii, mama. Mimi nimezaliwa hapa hapa," kijana mmoja alimfokea, midomo imeshapauka.

"Nani kasema unaumwa? Hebu nishikie kikombe changu cha chai ya majani ya koka, mikono imechoka. Kaa basi, usije ukanimwagia."

Kijana akakaa. Mama akamvisha barakoa ya oksijeni huku akimuuliza habari za safari. Hivyo ndivyo alivyowahudumia wengi, na hakuna aliyeaibika mbele ya watu wake.

Machi mwaka huu tulimkuta ameegemea kaunta, anahema. Daktari alisema damu yake imekuwa nzito kwa kuishi huku juu na moyo umechoka. Asiposhuka bondeni Cochabamba kwa bintiye Nieves, mwaka huu hatoumaliza. Alikataa katakata. Mumewe amezikwa hapa, na yeye alitaka kuzikwa hapa. Tulimbembeleza wiki nzima, akatufukuza kama kuku. Tuliogopa sana kumpoteza. Mwishowe nikamsogezea kile kiti chake cha kuwakalisha abiria.

"Mama, hebu nishikie kikombe."

Alinikazia macho.

"Mshenzi wewe," akasema. "Umejifunza wapi?"

Akakaa, akakipokea, akalia. Nasi tulilia. Chai ilipokwisha, alikubali kushuka.

Asante, Mama, kwa pumzi ulizotupa na heshima uliyotuachia. Huko uendako moyo wako upumzike, na wajukuu wakuchoshe kwa kelele. Na siku utakapopanda kututembelea, tafadhali usije mbio kutukumbatia. Kaa kwanza pale kitini, utushikie kikombe.