Mguu wa Kambo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Utafiti wa Tiba. Mkurugenzi wa hospitali. Madaktari na wauguzi wetu. Ndugu, jamaa na wote mnaotuuguza:

Sisi wagonjwa wa kliniki ya vidonda sugu, ambao humu hospitalini tunaitwa Watu wa Benchi Refu, tunakusalimu kwa heshima zote. Tungesimama kukupokea, lakini utuwie radhi, kusimama ndiyo kazi iliyotushinda.

Anayekusomea ni mimi kinyozi. Wenzangu wamenichagua kwa sababu wanasema nina mdomo, na kwa sababu nimezoea kusema na wakubwa wakiwa wamekaa kimya. Leo sina wembe, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Jambo letu ni moja, Mheshimiwa, na tunalitaja mapema ili usilitafute katikati ya sifa. Safu ya tatu, upande wa dirishani, ameketi Mama Cherehani, fundi wetu wa nguo, amevaa gauni alilolishona mwenyewe. Mguu wake wa kulia unaoza. Dawa inayoweza kuuponya imo ndani ya jengo hili ulilokuja kulifungua, imelala kwenye friji, na kibali cha kuitoa kiko mikononi mwako. Mengine tutakayosoma ni njia ya kufika hapo.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana katika maabara mpya. Vigae vyake vinang'aa mpaka tunaona haya kuvikanyaga. Katibu wa sherehe alituomba tuje wasafi, nasi tumeoga mara mbili na kujipaka marashi, maana tunajijua. Hata hivyo ametupanga karibu na dirisha. Hatumlaumu. Hata nyumbani tumezoea kukaa karibu na dirisha.

Pia katibu alituelekeza tuseme "changamoto" badala ya "shida". Tumejitahidi.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, kidonda chetu si kile anachokipata mtoto akianguka, kikaota gaga, kikasahaulika. Chetu kinakaa. Kinakula na wewe, kinalala na wewe, kinakufukuzia wageni. Mimi nimesimama nyuma ya kiti cha kunyolea tangu ujana wangu, damu ikajaa miguuni, mishipa ikavimba, ngozi ikapasuka yenyewe pande zote mbili. Mama Cherehani ana ugonjwa wa sukari. Jioni moja alitia miguu yote miwili kwenye beseni aiburudishe baada ya kushona sare za shule. Maji yalikuwa ya moto wa kuunguza, na yeye hakusikia kitu. Alikuwa akisimulia kisa na kucheka. Binti yake ndiye aliyeona ngozi inaelea, akapiga ukelele.

Tulificha, Mheshimiwa. Tulivaa suruali ndefu na soksi mbili mbili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tuliumbuliwa na nzi kabla kifo hakijafika. Mmoja wetu mkewe alihamia chumba cha watoto, akasema ni kwa sababu mume anakoroma. Mume akakubali kwamba anakoroma. Wote wawili wanajua.

Ndipo akaja daktari wa utafiti, ambaye sisi tunamwita Daktari Darubini. Aliketi nasi kwenye benchi, hapo hapo, bila kuziba pua. Hilo peke yake tulikuwa tumelisahau. Akatueleza kwa nini hatuponi. Alisema mwili ukiumia hutuma kwanza seli za askari, zije ziue wadudu na kuzoa uchafu. Zikimaliza, hutakiwa kuondoka ili seli za mafundi ziingie zijenge nyama na ngozi. Kwa watu kama sisi askari hawaondoki. Vita imekwisha, wao bado wanapiga, na kila anachojenga fundi wanakibomoa.

Mama Cherehani akauliza, "Sasa Daktari, hao askari mshahara wao nani analipa?"

"Ni wewe, mama. Ni sukari yako na nyama yako."

"Basi mimi ni serikali mbaya."

Tulicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Daktari akasema anajaribu dawa ya kupaka, nzito na nyeupe kama ute wa yai lililoanza kuiva, ya kuwaambia askari warudi nyumbani. Alihitaji watu wenye vidonda miguu yote miwili. Mguu mmoja ungepata dawa, mwingine ungefungwa bandeji ya kawaida, ili katika mwili mmoja ionekane wazi kama dawa inafanya kazi. Mguu upi upate, hakuchagua yeye wala sisi. Ilifunguliwa bahasha. Pia alihitaji kukata vipande vidogo vya nyama pembezoni mwa vidonda, avitazame. Tulikubali. Nyama ya kutoa tulikuwa nayo.

Kwenye karatasi tulizosaini paliandikwa kwamba dawa ikithibitika kufaa, mguu wa pili utafikiriwa. Nasi tukaanza utani wetu. Mguu uliopata dawa tukauita wa kuzaa. Ule mwingine tukauita mguu wa kambo.

TULIYOFANIKIWA

Dawa ilifanya kazi. Tunalisema kwa sauti, isije ikaonekana asante yetu ni ya punda. Kwanza maji yalikauka. Halafu harufu ikapungua, na mtu aliyewahi kunuka anajua thamani ya neno hilo. Kisha pembeni ikaota ngozi mpya nyororo, ikawa inatambaa kuelekea katikati. Karibu sisi sote tuna mguu mmoja uliofunga kabisa. Mimi nilikaa nikiugusa wangu kwa kidole kama mtu aliyenunua simu mpya.

Mheshimiwa, pale mlangoni ulisimama mbele ya picha kubwa, ukaisifu, ukapigwa picha nayo. Hongera. Ule ni mguu wa kushoto wa Mama Cherehani. Picha ya kwanza unaona mfupa, ya mwisho unaona ngozi na kovu dogo. Matokeo yale, tumeambiwa, yamesomwa na wataalamu dunia nzima, kwa sababu yanaonyesha ugonjwa unavyofanya kazi ndani ya nyama ya mtu. Nyama hiyo ni yetu, na tunajivunia. Mwenye mguu mwenyewe hakualikwa kusimama karibu na picha. Wewe ulipita mbele yake ukampungia mkono.

Mguu wa kulia hawakuupiga picha.

YANAYOTUSIBU

Dawa ilifanya vizuri mno, ndiyo ikawa balaa. Wakubwa wa utafiti walisema jibu limepatikana, hakuna haja ya kuendelea, wakafunga majaribio kabla ya wakati. Tulipiga makofi. Tulidhani sasa ni zamu ya mguu wa kambo.

Siku ya kliniki iliyofuata tukakunja suruali za upande wa pili. Daktari Darubini akatutazama, akaanza kulia. Akasema majaribio yakifungwa na kibali kimefungwa. Dawa iliyobaki kwenye friji haiwezi kuguswa mpaka Bodi ikae itoe kibali kingine, na muda wake wa kufaa ukipita itachomwa moto. Ameandika kuomba. Ameandika tena. Bodi haijakaa, kwa sababu wajumbe hawajatimia.

"Kwani ukinipaka kidogo tu nani ataona?" Mama Cherehani akamwuliza.

"Watanifungia kazi, mama. Na watakaokuja baada yenu hawatapata hata hicho kidogo."

"Basi usinipake," akasema. "Nyamaza, mwanangu, usilie. Utaharibu miwani."

Ikawa mgonjwa ndiye anayembembeleza daktari.

Tangu hapo mguu ule umekwenda mbio. Vidole viwili vimekuwa vyeusi. Daktari wa upasuaji amepima, amekuta mfupa nao umeingiwa na wadudu. Amesema wazi, na tunamshukuru kwa uwazi: akikatwa sasa hivi atakatwa chini ya goti, atapata mguu wa bandia, atatembea. Akichelewa atakatwa juu ya goti. Akichelewa zaidi hakuna cha kukata.

Naye hataki kusaini.

Tulimwendea kwake, Mheshimiwa, wote tunaoweza kupanda ngazi. Cherehani yake ni ya kukanyaga, iko chini ya taa, na juu yake kuna sare nusu imeshonwa. Sasa anakanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, ule wa kwenye picha yako. Binti yake alikuwa amepiga magoti sakafuni.

"Mama, saini. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Mgeni anakuja kufungua jengo. Yeye ndiye mwenye Bodi. Nikatwe leo, halafu kesho dawa itoke? Nitakuwa mjinga wa mwaka."

"Na isipotoka?"

"Itatoka. Watu hawawezi kuwa na dawa kwenye friji wakaiangalia tu. Ungekuwa na maji ndani, jirani anaungua, ungeyaangalia?"

Binti akatugeukia sisi tumsaidie. Hakuna aliyefungua mdomo, hata mimi mwenye mdomo. Maana kila mmoja wetu alikuwa anautazama mguu wake wa kambo na kusema moyoni kwamba mama yule ana haki. Tulikaa tukanywa chai, tukaondoka. Hiyo ndiyo aibu yetu, na tunaisema mbele ya binti yake, ambaye yuko hapa.

Katibu, nakuona unavyonionyesha saa. Nimebakiza kidogo.

OMBI

Mheshimiwa mgeni rasmi, tulikuwa tumeandika maombi mengi. Kiti cha magurudumu, feni, viti vyenye mgongo badala ya lile benchi. Tumeyatazama usiku na mchana, tukaona ni aibu kuomba feni, tukayafuta yote.

Ombi letu ni kibali. Wewe na wajumbe wawili mlioketi meza kuu mnaweza kukaa kama kamati ya dharura. Daktari Darubini ametuonyesha kanuni inayowaruhusu. Hatuombi dawa ya sisi sote. Tumekubaliana, na haikuwa rahisi, kwamba iliyobaki ianze na Mama Cherehani, pamoja na dawa za kusafisha mfupa. Daktari wa upasuaji anasema ikianza leo, labda. Alisema "labda" akitazama pembeni. Sisi wengine tutasubiri au hatutasubiri, Mungu anajua.

Lakini hatuna matumaini, Mheshimiwa. Tuseme kweli, maji yamezidi unga. Tumeshawahi kusoma risala.

Mwaka jana, majaribio yakiwa yamefungwa karibuni, alikuja mgeni mwingine, mtu mwema, alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Fundi baiskeli wetu alikuwa hai, mguu wake wa kambo ukiwa kama huu wa Mama Cherehani ulivyo leo. Tuliomba kibali kile kile. Mgeni alisimama akasema, "Ndugu zangu, hili nimelichukua." Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Fundi baiskeli aliyekuwa na tarehe ya upasuaji akamwambia daktari aifute, kwa sababu mgeni amelichukua. Kila mgonjwa aliyefika kwenye benchi, fundi alimwuliza, "Limerudi?" Ngoja ngoja huumiza matumbo, yeye ilimshukia mguuni, ikaingia kwenye damu. Tulimzika na miguu yake yote miwili.

Hakuuawa na kidonda peke yake. Lile neno la upole lilimsaidia kufa.

Kwa hiyo tunakuomba, utakaposimama, usiseme umelichukua. Usiseme utalifanyia kazi, wala kwamba umeguswa. Tunajua umeguswa, tumekuona umetoa leso. Kama jibu ni ndiyo, wajumbe wako hao hapo, na Daktari Darubini ana ufunguo wa friji.

Na kama jibu ni hapana, tunakuomba, kwa magoti ambayo hatuwezi kuyapiga, uliseme. Useme hapana, kwa kipaza sauti, umtazame aliyeketi safu ya tatu. Hatutakuzomea. Binti yake ana fomu ya upasuaji kwenye mkoba, na kalamu anayo, na chumba cha upasuaji kimeacha nafasi kesho asubuhi. Mama yake ameapa mbele yetu sote kwamba akisikia hapana kutoka kinywani mwako mwenyewe, atasaini hapo hapo alipokaa. Hataki kuisikia kutoka kwa mwingine. Sisi tumejaribu kumwambia. Anasema sisi si Bodi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kama huwezi kumpa mguu, mpe hapana.

Tunakutakia afya njema wewe na nyumba yako, na Mwenyezi Mungu akuepushe na kila kinachotukalisha sisi pale. Sasa tunakaa kimya na kukuachia kipaza sauti.

Ni sisi,
Watu wa Benchi Refu,
Kliniki ya Vidonda Sugu.